Aliyekuja Kumuulizia Suhaib

Nani mwenye akili timamu hupita katikati ya soko la Bull Ring, Jumamosi saa tano asubuhi, kakumbatia trei tatu za mayai? Mwanamize alikuwa bado anajiuliza pale kiwiko chake kilipoigonga trei ya juu. Mayai manne yakaenda chini, na moja likamalizikia kwenye kiatu chake cheupe.

"Ya Rabi! Samahani, kaka!" Kwa mshtuko Kiingereza kilimtoka kichwani.

"Kumbe Mswahili mwenzangu!" Kijana akacheka. Alivaa suti ya michezo ya kijani, mabega mapana kama mlango, sikio moja limevimba. "Hayo yashakwenda. Kiatu je?"

"Kiatu kitafutika. Wewe mwenzangu unafungua hoteli?"

"Haya ni ya wiki moja. Nala peke yangu."

"Muongo!"

"Wallahi. Nacheza raga, na kocha asema niongeze kilo nne."

Mwanamize akacheka mpaka mtandio wake wa rangi ya zabibu ukateleza. Alikuwa mfamasia mtaa wa Balsall Heath, Mzanzibari aliyelelewa na ami yake, Mzee Ameir, tangu baba yake alipofariki. Kijana, Suhaib, alitoka Mombasa, alikuja kusoma huku kwa Waingereza, na sasa ulikuwa msimu wake wa nne kulipwa na Tame Vale, klabu ndogo ya daraja la pili upande wa Aston. Namba za simu zilibadilishwa palepale, na tangu siku ile simu hazikupumzika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mayai."

"Na mchana?"

"Mayai, huku nakuwaza wewe."

"Ondoka hapa! Nina wagonjwa kwenye foleni."

Miezi minane ilikwenda hivyo, kwa raha. Ilipofika Mei, Suhaib akampigia akiwa hana mzaha hata kidogo.

"Pesa za ligi zimepunguzwa, na mfadhili wetu ajitoa. Tuko wachezaji thelathini, na mikataba kamili ni kumi na miwili tu. Waliobaki ni nusu mkataba, wafanye mazoezi jioni na mchana watafute kazi nyengine."

"Na wewe?"

"Meneja anambia jina langu limo kwenye hiyo kumi na miwili. Nikitia saini, naleta posa wiki hiyohiyo. Lakini siwezi kuja kwa ami yako na nusu kazi, Mwanamize. Sina uso huo."

Mwanamize akamwambia ami yake habari ya posa, kichwa kakiinamisha. Mzee Ameir, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda kimoja cha Tyseley, aliuliza jina la kijana na anapochezea, akasema, "Haya, nimesikia." Basi.

Baada ya wiki mbili simu ikalia.

"Wamjua mzee mmoja wa koti jeusi, kofia ya viua, Kiingereza chake cha taratibu?"

"Huyo si ami! Umemuona wapi?"

"Sikumuona. Alikwenda klabuni. Kamuuliza meneja kama nina maradhi, mkataba wangu waisha lini, kama nina mpango wa kuhama. Kasema kuna watu wana haja na mimi lakini hawezi kuwataja. Wao wakadhani ni wakala wa klabu nyengine, nami nishauzwa. Leo nafasi yangu kapewa mwengine."

"Suhaib, wallahi mimi sikujua!"

"Mwanipima kama ng'ombe wa mnadani? Si mngeniuliza mwenyewe!" Akakata simu.

Siku tatu Mwanamize alihesabu vidonge, akakosea, akahesabu tena. Alipiga simu, haikupokewa. Siku ya nne akamkabili ami yake mezani, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi mwa mzee.

"Mimi? Wakala?" Mzee Ameir alitoa macho. "Mwanangu, mimi mwenyewe niliulizwa hivyohivyo. Mposaji huulizwa msikitini kwake, huulizwa kazini kwake, na mwenye kuuliza hasemi anaulizia nini. Ningetaja posa, kisha isiwe, jina lako lingekuwa midomoni mwa watu."

"Ami, mtu kapoteza kazi yake!"

Mwanamize hakuwahi kumpandishia sauti maisha yake yote. Mzee akaweka kikombe, akainuka, akavaa koti lilelile jeusi. "Twende," alisema.

Uwanjani nyasi zilikuwa mbichi kwa mvua. Meneja wa timu, Angeline, Mkongo aliyekulia Aston, aliwapokea ofisini kwake. Siku ile walikuwa wamezungumza Kiingereza. Leo mzee alimweleza kwa Kiswahili, polepole, mpaka mwisho. Angeline akaangua kicheko, kisha akashika kichwa.

"Mzee! Miye nilizania uko ajenti! Maajenti wote wanakuyaka hapa vile, kwa siri, hawataji jina!"

"Basi mrudishieni nafasi yake."

Kicheko kikamkauka Angeline. "Yule mwingine amekwisha kutia saini. Imebakia nusu tu."

Suhaib akaitwa, tope mpaka magotini. Alipomuona Mwanamize aliinamisha macho.

"Kijana," alisema Mzee Ameir, "nimekuharibia. Nisamehe."

"Usinambie hivyo, ami. Lakini posa sasa siwezi kuleta. Nusu mkataba si kazi ya kumuolea mtoto wa watu."

Mzee akamgeukia Angeline. "Mwambie siku ile nilikuuliza nini mwisho."

"Aliniuliza, timu ikishindwa, Suhaib anarudiaka na hasira? Nikamwambia hapana, anakamata ufagio, anasafisha chumba na kuimba vibaya."

"Mshahara sikuuliza," alisema mzee. "Nilipanda basi la kurudi nikiwa nishakubali."

Mwanamize alihisi machozi yakimlenga, akayaachia. "Mimi kazi ninayo, Suhaib. Njoo na nusu yako."

"Ushanisamehe?"

"Bado. Ulinikatia simu."

"Naomba radhi, mpenzi." Kisha akakuna sikio lake bovu. "Na posa ailete nani? Wazee wangu wote wako Mombasa."

Angeline akanyoosha mkono juu. "Kazi yake tumeipoteza mzee na miye. Mzee iko upande wa bibi-arusi. Nimebakia miye."

Jumapili alasiri mshenga Angeline akabisha hodi, khanga juu ya jaketi la klabu, barua ya posa ndani ya bahasha. Mzee Ameir alimkaribisha kwa heshima zote. Nyuma ya pazia Mwanamize, kwenye dera lake jipya la kijani, alishika simu iliyo wazi. Suhaib alikuwa nje barabarani, ametokea sokoni moja kwa moja. Mposaji haingii siku ya posa.

"Wamefika wapi?"

"Shii! Wanakunywa chai."

Mzee akakohoa. "Mwanamize, posa umeisikia. Wasemaje?"

Desturi ni bibi-arusi anyamaze, na kimya chake ndilo jibu. Lakini Mwanamize alikuwa ameshachoka na mambo yasiyosemwa. Akafunua pazia.

"Nimekubali, ami. Nasema kwa sauti, asije mtu akafahamu vyengine."

Angeline akapiga kigelegele. Kwenye simu kukasikika kishindo cha kitu kuanguka.

"Suhaib! Nini hicho?"

"Mayai," alisema Suhaib. "Trei zote tatu."