Kamera ya Tabasamu na Vumbi la Machimboni

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Tabasamu alifagia mchanga. Aliufagia sakafuni, akaufuta mezani, akaukung'uta kwenye pazia jeupe la kupigia picha. Akigeuka nyuma, mwingine umeshaingia, tena bila hodi. Mji wao ulikuwa ukingoni mwa jangwa, na upepo wa hapo haukujua likizo.

Jina la Tabasamu alipewa na wateja, kwa sababu hakumruhusu mtu kuinuka kitini mpaka acheke. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Chumba cha nyuma alilala yeye na mumewe, mchomeleaji wa vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Kamera ilikuwa moja. Lenzi zilikuwa mbili, ndefu na fupi. Basi.

Siku hiyo simu ililia chai ikiwa bado ya moto. Alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule ya machimbo ya chumvi, huko ndani jangwani.

"Mama, tumekwama," alisema. "Watahiniwa wangu hawana picha za mtihani. Mwisho wa kuzipokea ni kesho jioni. Asiye na picha hafanyi mtihani."

Tabasamu aliweka kikombe chini. Mmoja wa watahiniwa hao alikuwa mpwa wake, binti wa mdogo wake wa kiume, anayekwangua chumvi machimboni. Mwaka uliopita binti huyo aliugua wiki ya mtihani, akabaki kitandani wenzake wakiandika. Akarudia darasa. Baba yake alikuwa ameshasema, "Safari hii ikishindikana, ataingia chumvini na mimi. Sina namna."

"Tunakuja," Tabasamu akasema. Cheche alikuwa ameshaanza kutafuta ufunguo wa pikapu.

Njiani joto lilikuwa kali. Walifungua madirisha yote. Tabasamu aliiweka kamera juu ya dashibodi, aione, isigongwe na kitu. Jua likaipiga kupitia kioo njia nzima, na vumbi jeupe likaifunika taratibu.

Walipofika aliishika, ikamchoma vidole. Akaipuliza kwa mdomo, fuu! Akafuta kioo cha lenzi kwa pindo la gauni lake. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote. Kisha, palepale uwanjani, akatoa lenzi fupi na kuweka ndefu. Upepo ulikuwa ukivuma, na kamera ilikuwa wazi kama mdomo wa mtu anayepiga miayo.

Wanafunzi walipanga foleni kwenye kivuli cha darasa. Wachache walipigwa vizuri. Kisha lenzi ikaanza kulia, krrr, krrr. Alipoizungusha, ikagoma. Mara alama nyekundu ya joto ikawaka, na kamera ikajizima yenyewe.

"Mungu wangu," Tabasamu alisema. "Sio leo."

Alikwenda kunawa uso. Ndipo mumewe, kwa mapenzi yake yote, akaichukua kamera pamoja na lenzi fupi, akavizika kwenye sanduku la barafu walilokuja nalo, katikati ya chupa za maji.

"Nimeipooza!" alimwambia mkewe aliporudi, uso wake ukimetameta kwa furaha. "Sasa itafanya kazi."

Tabasamu aliitoa. Ilikuwa baridi na imelowa. Kioo kikapata ukungu papo hapo. Akaufuta, haukutoka. Akafuta tena. Ukungu ulikuwa ndani, hata kwenye lenzi fupi.

Foleni ilisimama. Aliyekuwa mbele, shati limepigwa pasi na nywele zimechanwa vizuri, alikuwa mpwa wake.

"Shangazi," binti alisema kwa sauti ndogo, "bado mimi."

"Najua, mwanangu. Nitarudi kesho."

"Kesho ndiyo mwisho."

"Nitarudi."

Binti hakulia. Aliitikia kwa kichwa tu, akaenda kukaa ukutani na wenzake. Hilo lilimuuma shangazi yake kuliko machozi.

Wakati wa kurudi, Tabasamu aliishika kamera mapajani mpaka walipouona mji.

"Nilitaka kusaidia," Cheche alisema mwishowe.

"Cheche, nyamaza. Nikifungua mdomo sasa hivi, nitasema nitakayojutia."

Cheche alikaza macho barabarani. Alikuwa amekaa kwenye ndoa muda wa kutosha kulijua onyo.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Jirani yao, Bi Mpima, alikuwa mlangoni kwake akikung'uta mkeka. Mama huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu. Maisha yake ya kazi aliyamalizia jangwani na vyombo vya kupimia, vyenye vioo kama vya kamera. Alipenda majirani zake, lakini ulimi wake haukuwa na breki.

Alimwona Tabasamu anainua kamera, kidole kiko kwenye swichi.

"Usiiwashe!" alipiga kelele. "Mwanangu, ondoa mkono hapo!"

Tabasamu alishtuka, nusura aiangushe.

"Imepata maji," Bi Mpima alisema akivuka njia. "Ukungu nauona kutoka huku. Ukiwasha umeme na maji yakiwa ndani, unaiua. Nani aliiweka kwenye barafu?"

Cheche aliangalia viatu vyake.

"Haya, tuingie ndani. Funga mlango. Funga na dirisha."

Mezani, Bi Mpima aliifuta kamera nje kwa kitambaa kikavu. Akamwambia Tabasamu atoe betri na kadi ya picha.

"Unajua glasi ya maji baridi inavyotoka jasho?" aliuliza. "Kitu kikiwa baridi, unyevu wa hewani unakigandia. Ulipoitoa kwenye barafu, hewa ya joto ikaikuta. Unyevu ukaingia ndani. Na ndani tayari kuna vumbi. Vumbi na maji vikikutana vinakuwa nini?"

"Tope," Cheche alijibu polepole.

"Tope. Tena tope la chumvi, linalokula chuma. Wewe fundi wa vyuma unalijua hilo kuliko mimi."

"Nalijua," Cheche alisema. Alijikalia chini kama aliyepigwa.

"Sasa itapona?" Tabasamu aliuliza. "Bi Mpima, kuna mtoto wa mdogo wangu kule. Ikifa hii, mtoto anaingia chumvini."

Bi Mpima alimtazama. Hakuwa mtu wa kutoa ahadi za bure.

"Sijui," alisema. "Tutajaribu."

Alikwenda kwake, akarudi na kopo lenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu, vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu vipya. Alikuwa amevihifadhi vingi. Waliiweka kamera na lenzi fupi ndani ya kopo pamoja na vipakiti, wakafunga.

"Usifungue kuchungulia," alisema. "Na usiiweke juani ikauke. Joto ndilo lililoiumiza, joto halitaiponya."

"Na lenzi ndefu?"

Bi Mpima aliiweka sikioni, akaizungusha kidogo. Krrr.

"Mchanga umeingia kwenye meno yake. Usiilazimishe, itajisaga yenyewe. Hii ni ya fundi wa kamera." Kisha akaigeuza kwenye mwanga. "Na hii mikwaruzo kwenye kioo?"

"Nafuta kwa gauni," Tabasamu alikiri.

"Mwanangu, mchanga ni jiwe. Ukiweka jiwe juu ya kioo ukafuta, unapiga msasa. Kwanza pulizia vumbi litoke." Alitoa pampu ndogo ya mpira, akaiminya. Ikatoa hewa kavu, fyu! "Sio kwa mdomo, mdomo una mate. Kisha brashi laini. Kitambaa cha lenzi ni cha mwisho, vumbi likiwa limeshaisha. Na lenzi inabadilishwa ndani, milango imefungwa. Nje kwenye upepo, hapana. Kabisa."

Tabasamu alijifuta machozi. Alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo alijionea mwenyewe. Miaka yote hiyo aliifanyia kamera yake ukatili, akidhani anaitunza.

Kulipopambazuka walifungua kopo. Tabasamu aliinua lenzi fupi kwenye mwanga. Ukungu ulikuwa umeondoka.

"Weka betri," Bi Mpima alisema.

Akaweka. Akawasha. Kioo kidogo cha nyuma kikang'aa. Cheche alirusha mikono juu, lakini jirani alimkatisha.

"Usishangilie. Bado kuna njia."

Studio ikiwa imefungwa, walisafisha kamera kwa pampu na brashi, wakafunga lenzi fupi kabisa ili isibadilishwe tena huko. Mbele ya lenzi Bi Mpima aliweka kioo chembamba cha kinga. "Kikikwaruzwa hiki, unatupa, unaweka kingine," alisema. Kisha wakaifunika kamera kwa mfuko wa plastiki safi, wakatoboa tundu la lenzi na kulibana kwa mpira. Wakaiweka kwenye begi lenye zipu, begi likazungushiwa kitambaa cheupe kikavu.

"Iwe chini, kwenye kivuli cha miguu yako. Dashibodi ni jiko," Bi Mpima alisema. "Na ikipata joto, izime, iache kivulini ipoe yenyewe. Polepole."

Waliondoka. Safari hii madirisha yalifungwa, na ndani ya pikapu kulikuwa tanuri. Jasho lilimtiririka Cheche mpaka kwenye macho.

"Nifungue kidogo tu?"

"Ukifungua, nakushusha."

"Gari langu hili."

"Nakushusha hivyohivyo."

Katikati ya njia, upeo wa macho uliinuka ukawa wa kahawia. Dhoruba ya mchanga. Cheche alikanyaga mafuta. Upepo uliwakuta wakiwa wanaliona paa la shule, na barabara ikapotea. Cheche alisimamisha gari, akazima injini. Mchanga ulipiga vioo kama mvua ya mawe. Tabasamu alilikumbatia begi mapajani, akafunika zipu kwa mikono miwili. Alimwaza binti ukutani, akiangalia njia isiyoonekana. Akaomba.

Upepo ulipopungua kidogo, walijivuta hadi shuleni. Jua lilikuwa limeshapinduka.

"Njooni mpigie nje!" Mwalimu Mkuu alisema akikohoa. "Darasani kuna giza."

"Nje hapana," Tabasamu alijibu. "Mwalimu, nisamehe, lakini nje sitoi kamera."

"Ofisi ya mtihani inafunga jioni, mama!"

"Ndiyo maana sitaki ife kabla ya jioni."

Waliingia darasani. Cheche alifunga madirisha, akaziba chini ya mlango kwa gunia lililoloweshwa maji. Walisubiri vumbi litulie. Mwalimu aliangalia saa, akaangalia tena. Ndipo Tabasamu akafungua zipu.

Wanafunzi waliingia mmoja mmoja, wakakaa kando ya dirisha lenye mwanga. Yeye alipiga bila papara. Mpwa wake alikuwa amejiweka nyuma kabisa, kama mtu anayeogopa kuitwa. Alipobaki yeye peke yake, upepo ulisukuma mlango, ukafunguka kwa kishindo. Vumbi likamwagika ndani. Tabasamu aliinama juu ya kamera, akaifunika kwa mwili wake wote. Cheche aliurudisha mlango kwa bega.

Aliponyanyuka na kuilenga tena, alama nyekundu ya joto ilikuwa inawaka.

"Barafu ninayo," Mwalimu Mkuu alisema haraka. "Ofisini, kwenye jokofu."

"Hapana!" mume na mke walisema kwa pamoja.

Tabasamu aliizima. Akafungua plastiki kwa chini ili joto litoke, akaiweka mezani penye kivuli. Kisha wakakaa. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, kukaa tu. Mwalimu alitembea huku na huku. Mwanga wa dirishani ulianza kuwa wa njano.

"Shangazi," binti alisema, "kama haiwaki, usilie."

"Nani analia?"

"Wewe."

Tabasamu alicheka na kulia kwa pamoja. Aliigusa kamera kwa mgongo wa mkono. Haikuwa inachoma tena. Akapulizia kioo cha kinga kwa pampu, fyu, fyu. Hakulishika gauni. Akawasha. Alama nyekundu haikuonekana.

"Kaa sawa, mwanangu. Nitazame."

Klik.

Picha zilitumwa ofisini kwa kompyuta ya Mwalimu Mkuu. Mtandao ulisuasua, wakasimama wote nyuma ya kiti chake wakiitazama skrini, mpaka jibu likaja kwamba zote zimepokelewa. Mdogo wake Tabasamu alikuwa amefika kutoka machimboni, miguu myeupe kwa chumvi. Alimshika dada yake mabegani.

Tangu hapo, kamera haikulala tena mezani wala kukaa kwenye dashibodi. Lenzi ndefu ilirudi kutoka kwa fundi ikizunguka bila kulia. Lenzi zilibadilishwa mlango ukiwa umefungwa, mteja akipenda asipende. Cheche alitengeneza kisanduku cha chuma chenye mpira wa kuzuia vumbi kwenye mfuniko, akakipaka rangi nyeupe isiyovuta joto. Kila aliyeingia studio alielezwa habari za barafu, hata aliyekuja kuuliza njia tu.

Siku ya mtihani, Tabasamu alimsindikiza mpwa wake hadi mlango wa chumba. Msimamizi, mwanamke mgeni aliyetumwa kutoka mbali, alikuwa na karatasi ya picha mkononi. Alimsimamisha binti. Akaitazama picha kwa makini, uso mmoja mdogo, macho yote mawili yakionekana wazi, hata kovu dogo la kidevuni. Kisha akamtazama binti mwenyewe.

"Ni wewe," alisema. "Pita."

Binti akapita.