Mapipa Matatu ya Mabaki

"Mzigo usitoke," sauti ya Mkuu ilikwaruza sikioni mwa Msasa. "Na mwenye mzigo namtaka hai."

"Simjui bado."

"Basi mjue. Sasa hivi."

Jasusi Msasa, aliyejificha ndani ya koti la mtaalamu wa kupunguza upotevu, alitazama mapipa matatu yakisukumwa kuelekea kwenye lori. Kwa miezi mingi alikuwa amewafundisha mafundi wa kiwanda hiki cha majiko ya gesi kukata bati kwa hesabu, leo wakosee kidogo kuliko jana, mpaka mabaki hayajazi hata ndoo. Wasafirisha mabomu, waliozoea kuficha mzigo wao chini ya mabaki ya bati, walikuwa bado wanajaza mapipa yale yale matatu, kwa mazoea tu. Wajinga wakubwa.

Lakini mwenye mzigo ni nani kati ya umati ule wa wafanyakazi?

Juu ya mkanda unaopitisha bati ilining'inia kamba nyekundu. Msasa mwenyewe aliitundika. Atakayeona kasoro aivute, king'ora kilie, kazi isimame, lango lijifunge.

Angeweza kuivuta. Lakini atakayeivuta leo ndiye atakayelengwa na mwenye mzigo.

Akamwendea msimamizi wa zamu, mama wa watoto wawili, aliyemwekea chai kila asubuhi.

"Dada, mabaki yetu si ndoo moja?"

Yule mama akayaona mapipa. "He! Ya nani tena haya? Kaka, umeona ukanyamaza? Unatuaibisha!"

Akakimbilia kamba huku akicheka.

Msasa alijua. Tusimtetee, alijua vizuri sana. Mkono wake ukaingia ndani ya koti, ukaikamata bastola yake ya Glock.

King'ora kikalia. Mkanda ukasimama. Lango likashuka kwa kishindo.

Wote wakageuka kutafuta kasoro, kama walivyofundishwa. Mmoja tu alimgeukia aliyevuta.

Bwana stoo. Yule mpole, asiyepaza sauti hata akiibiwa.

Akachomoa bastola, akamfyatulia yule mama.

Msasa akafyatua mara mbili. Goti la kulia. Goti la kushoto.

Akamkanyaga pale palipovunjika. "Wanunuzi?"

"Hoteli ya stesheni! Baba, nihurumie!"

Msasa akakanyaga tena, bila sababu yoyote.

Chini ya kamba, msimamizi alikuwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja, mwingine bado kwenye kamba. "Kaka... ulijua?"

Msasa akageukia upande wa pili. Akabonyeza redio.

"Mzigo umebaki. Mwenyewe yuko hai. Wanunuzi wako hoteli ya stesheni."

"Safi. Tumepoteza mtu?"

Msasa akamtazama yule mama. Vidole vyake sasa vilikuwa vimeiachia kamba.

"Wetu, hapana."

Akafunga vifungo vya koti, akatoka kwa mlango wa wafanyakazi bila haraka.