Nati Iliyopungua

Haya yalimkuta shoga yangu, jamani, na tangu anisimulie namlaza mwanangu kifuani. Fundi alimbadilishia tairi, akamwambia, "Mama, ukitembea kidogo urudi nizikaze tena nati."

"Kesho, fundi! Mtoto anaungua homa."

Akaondoka mbio kuelekea zahanati, mwanawe kiti cha nyuma. Giza likaingia, na nyuma ikaanza sauti: ko, ko, ko. Akipunguza mwendo, nayo inapunguza. Akasimama, akashuka na tochi. Nati zimelegea, moja haipo kabisa! Akazikaza zilizobaki, akakimbilia kwa mwanawe. Milango imefungwa, vioo vimepandishwa, mtoto kafungwa mkanda, kalala fofofo, ila ngumi kaikunja. Akaifungua kidole kimoja kimoja.

Nati ile ilikuwa humo, bado ina joto la gurudumu.