Fungua Kichwa Kabla Hujanunua Injini

Jumamosi asubuhi Noelene Pascoe hupika mayai, na mumewe Lindsay hutoka kukata nyasi. Ndivyo tunavyoishi hapa Tarrandale, kijiji chetu cha vilima. Mwezi wa kumi na moja ukifika, kiangazi kikikaribia, kila kilima kinanguruma. Ni trekta za nyasi hizo, zile ndogo ambazo mtu hukalia na kuendesha, na visu vinazunguka chini ya tumbo la trekta.

Mwaka huo mvua ilinyesha sana, halafu ikakatika ghafla. Nyasi zilifika magotini. Kisha zikaanza kugeuka njano. Nyasi za njano hapa kwetu ni petroli iliyosimama.

Barua ya halmashauri ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Ilisema nyasi zote kuzunguka nyumba ziwe zimekatwa ifikapo tarehe moja Desemba. Zilibaki siku kumi na tano.

Nyumba ya akina Pascoe iko juu ya kilima, na moto hupanda kilima upesi kuliko unavyoshuka. Ndani ya nyumba hiyo yumo Mama Iris, mama yake Lindsay. Ana miaka themanini na sita. Anatembea kwa kusukuma kigari cha kuegemea, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Jambo hilo ndilo lililomkaa Noelene rohoni.

Jumamosi hiyo Lindsay alizunguka na trekta mara tatu tu. Moshi wa buluu ukafunika uwanja.

"Lindsay!" Noelene aliita kutoka barazani. "Unakata nyasi au unachoma matairi?"

"Ni oili tu, mpenzi! Imepungua kidogo. Nitaongeza, itakaa sawa."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita."

"Na wiki iliyopita si ilikaa sawa?"

Akaongeza oili. Trekta ikapanda mteremko ikikohoa. Nguvu ikaisha. Ikatoa moshi zaidi, ikazima. Haikuwaka tena.

Siku ya Jumatatu waliipakia kwenye tela wakaipeleka kwa fundi mjini. Fundi aliingiza hewa ndani ya injini kwa pampu. Kisha akaweka sikio kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili.

"Mnasikia? Hewa inavuja humu," alisema. "Ringi za pistoni, zile pete zinazozuia hewa isipite, zimekwisha. Hiyo injini imekufa. Nunueni mpya, dola elfu moja na mia nne. Nikiagiza leo, itafika baada ya wiki tatu."

Noelene alihesabu kwa vidole. Wiki tatu zingepita tarehe moja Desemba. Aliwapigia simu watu wawili wanaokata nyasi kwa malipo. Wote walikuwa na kazi mpaka baada ya Krismasi.

"Basi tuagize injini, tungoje," Lindsay alisema walipoirudisha trekta nyumbani. "Tutafanya nini tena?"

Mama Iris aliweka kikombe chake chini. "Na moto nao umekubali kungoja?"

Lindsay aliitazama tena barua kwenye friji.

Noelene akavua aproni, akateremka bondeni mpaka kwenye ua wa jirani yao, Dulcie Trembath. Dulcie ana miaka sabini na miwili. Kwa miaka thelathini alitunza injini katika mabanda ya kukatia manyoya ya kondoo. Mikono yake ni mifupi na migumu kama mizizi.

"Niazime trekta yako, Dulcie."

"Trekta gani? Mimi nina kondoo wanne. Wachukue ukitaka. Watamaliza kilima chenu ifikapo sikukuu ya Pasaka."

Noelene alicheka, lakini machozi yalimlengalenga. Akamweleza yote.

Dulcie alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo fundi alifungua kichwa?"

"Kichwa gani?"

"Cha injini, mpenzi. Kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya silinda."

"Hapana. Alisikiliza kwa sikio tu."

"Basi ametangaza msiba bila kuona maiti. Nakuja na sanduku langu. Weka birika motoni."

Lindsay hakufurahi. Alisimama mlangoni mwa banda akiwa amekunja mikono.

"Dulcie, fundi ameshasema ringi zimekwisha. Nimeshawaambia watu wote baa kwamba injini imekufa."

"Kwa hiyo lazima ife, ili usionekane mwongo?"

Noelene alicheka. Lindsay akakunjua mikono.

Dulcie hakugusa injini kwanza. Alizunguka trekta taratibu. Alilala chini, akagonga sahani ya visu, lile bati linalovifunika, kwa bisibisi. Akasukuma trekta mbele na nyuma. Akageuza usukani.

"Unatazama nini huko?" Lindsay aliuliza. "Ugonjwa uko juu."

"Natazama kama mwili unastahili moyo. Sahani ya visu ingekuwa imeoza kwa kutu, na gia zingekuwa zimesagika, ningekuambia uza chuma kizima, ununue trekta nyingine. Injini mpya kwenye mwili uliooza ni fedha ya kutupa. Lakini mwili huu ni mzima." Alisoma saa ndogo iliyo karibu na usukani. "Imefanya kazi saa mia tatu na kumi tu. Injini hii bado kijana. Kijana akifa, watu huuliza kimemwua nini."

Akachomoa waya wa betri. Akavuta na waya wa plagi.

"Hivi kwanza, kila mara," alimwambia Noelene. "Visu visije vikazunguka mkono wako ukiwa humo. Na usifungue injini ya moto. Iache ipoe. Haya, shika spana. Leo fundi ni wewe."

"Mimi?"

"Nyumba si yako?"

Noelene alifungua bolti za kifuniko cha feni. Alipokiinua, wote watatu waliinama kutazama.

Chini yake palikuwa pamejaa. Kulikuwa na majani makavu yaliyoshindiliwa kama godoro. Kulikuwa na vijumba vya nyigu wa udongo, kimoja juu ya kingine, vimeganda kati ya mapezi ya chuma yanayozunguka silinda.

"Hivyo vijumba viko kila mahali humu bandani," Lindsay alisema polepole. "Nilidhani havina neno."

"Ukutani havina neno. Hapa vina neno," Dulcie alisema. "Injini hii haipozwi kwa maji kama ya gari. Inapozwa kwa upepo unaopita kwenye mapezi haya. Imelala bandani majira yote ya baridi, nyigu wakajenga. Ukaiwasha bila kufungua. Umeiziba pua, halafu ukaipandisha kilima."

"Na ule moshi?"

"Kitu kimeungua kwa joto. Ama ringi, ama gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya kichwa na silinda. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Hewa ikitokea kwenye tundu la oili, inaweza kuwa ni ringi. Ni kweli, fundi hakusema uongo. Lakini kwenye injini ya namna hii, gasketi ya kichwa ikiungua upande wa fimbo za valvu, penye njia inayoshuka kwenye oili, hewa huteremka humo humo na kutokea tundu lile lile. Sikio haliwezi kuzitenganisha. Jicho linaweza."

Noelene alilegeza bolti za kichwa, moja baada ya nyingine. Ya mwisho iligoma. Akaegemea spana kwa uzito wake wote. Ikatoa mlio, ikalegea.

Lindsay alisogea karibu. Alikuwa ameacha kubisha. Alijua kilichokuwa kikitafutwa. Kuta za silinda zikiwa zimekwaruzwa, wangengoja wiki tatu na nyasi zao za njano, na mama yake juu ya kilima.

Noelene aliinua kichwa cha injini. Dulcie akamulika tochi ndani.

"Pitisha ukucha ukutani. Zunguka kote. Unakwama?"

Noelene alipitisha ukucha. Alizunguka mara mbili.

"Haukwami. Ni laini."

"Unaona mistari myembamba inayokatana?"

"Naiona."

"Hiyo iliwekwa kiwandani. Silinda iliyochakaa haina mistari hiyo. Ukucha ungekwama, au ningeona pistoni imepasuka, ningekuambia mwenyewe, nunua injini. Sasa tazama gasketi."

Gasketi ilikuwa nyembamba kama kadi. Upande mmoja, karibu na fimbo za valvu, palikuwa na pengo jeusi. Urefu wake haukuzidi punje mbili za mchele.

Lindsay alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hicho? Hicho ndicho kilichoua injini ya dola elfu moja na mia nne?"

"Haijafa," Dulcie alisema. "Gasketi ni dola arobaini. Posta italeta kwa siku nne. Kanuni yangu ni hii. Matengenezo yakizidi nusu ya bei ya injini mpya, simama, fikiri mara mbili. Haya hata robo hayajafika."

"Na oili niliyokuwa naongeza?"

Dulcie alifungua kizibo cha chini. Oili ilimiminika, ikajaza beseni, ikazidi.

"Ulikuwa unaizamisha, Lindsay. Oili hupimwa kwa kijiti, haipimwi kwa huruma. Ikizidi mstari ni mbaya kama ikipungua."

Gasketi ilifika Ijumaa. Siku hizo nne hawakukaa bure. Noelene alisafisha mapezi kwa mti na brashi, pezi kwa pezi. Lindsay alibadilisha chujio la hewa na plagi. Waliweka kichwa cha injini juu ya kioo kinene, wakajaribu kupitisha karatasi chini yake. Haikupita.

"Kimenyooka," Dulcie alisema. "Kingekuwa kimepinda, gasketi mpya nayo ingeungua."

Akamwonyesha Noelene namna ya kukaza bolti. Huanzi moja ukaimaliza. Unakaza hii kidogo, unaruka kwa ile ya upande wa pili, nayo kidogo, mpaka zote zikaze sawa. Wakatumia spana inayopima nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Dulcie akapima nafasi za valvu. Wakatia oili mpya mpaka kwenye mstari, bila tone la ziada.

Asubuhi ya Jumamosi Mama Iris alisukuma kigari chake mpaka barazani kutazama. Lindsay alipanda kwenye kiti cha trekta.

"Shuka," Noelene alimwambia. "Leo naendesha mimi."

Akageuza ufunguo. Injini ikakohoa mara moja. Ikatoa pumzi moja ya moshi mzito. Kisha moshi ukawa mwembamba, ukaisha kabisa. Sauti ikatulia. Mama Iris akapiga makofi. Lindsay akatupa kofia juu, ikanasa kwenye paa la banda.

Noelene alipanda kilima kwa gia ya juu. Alikata siku hiyo na Jumapili, asubuhi tu, kabla jua halijawa kali, ndoo ya maji ikiwa karibu, maana kisu kikigonga jiwe hutoa cheche. Mkaguzi wa halmashauri alipokuja, hakushuka hata kwenye gari. Aliinua dole gumba, akaenda zake.

Tarehe kumi na tisa Januari joto lilifika nyuzi arobaini na mbili. Adhuhuri, tela la mtu lilipita barabara ya bondeni likiburuta mnyororo. Mnyororo ulitoa cheche. Nyasi za kando ya barabara zikashika.

Akina Pascoe waliona moshi. Hawakubishana. Walimtia Mama Iris ndani ya gari wakaondoka kwa njia ya nyuma, kama walivyokuwa wamepanga. Dulcie naye alikuwa ameshatangulia, na kondoo wanne kwenye gari lake.

Waliruhusiwa kurudi jioni. Kilima kilikuwa cheusi kutoka barabarani hadi karibu na nyumba. Juu yake nyumba ilikuwa imesimama, mapazia yakionekana dirishani.

Kapteni wa zimamoto, Rhonda, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari lake, uso umejaa masizi.

"Moto ulipanda huku ukiwa mrefu kuliko mimi," alisema. "Ulipofika kwenye nyasi zenu fupi ukajikunja mpaka kwenye viatu vyangu. Tuliumaliza kwa tangi moja la maji. Nani alikata hapa?"

Lindsay alimwonyesha mkewe kwa kidole. Alikuwa akitabasamu kama bwana harusi.

Noelene alikuwa ameshaanza kushuka mteremko. Alitembea mpaka kwenye ukingo, pale weusi ulipokoma na majani mafupi yalipoanza. Akageuka, akahesabu hatua kurudi hadi barazani. Zilikuwa arobaini na moja. Nyasi za hatua hizo zote alikuwa amezikata yeye.