Gari Lililopumua Likiwa Limezimwa

Umeme ukikatika tu, mnanijia. Hamji kuniuliza kama miguu imepoa, hamji na mafuta ya kunichua, mnakuja na "Bibi, tusimulie ya fundi." Ya fundi, ya fundi. Mnataka kutetemeka, halafu kwenda chooni msindikizane kama maharusi, na asubuhi mama zenu waje kunisema mimi. Haya, kaeni. Anayekohoa akae mbali. Na mtu asinikatize kuniuliza kama ni kweli.

Fundi mwenyewe watu walimwita Chuma, kwa sababu kumchekesha ilikuwa kazi ya siku nzima. Hakutengeneza magari ya kwendea harusini. Yeye ukimletea gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, aliliinua springi likasimama kama mtu aliyekunja suruali, akalivalisha tairi zenye meno makubwa, akaliwekea keria juu ya paa na winchi mbele, ile mashine ya waya wa chuma ambayo gari likizama topeni linajivuta lenyewe. Na ubavuni, kando ya kioo cha mbele, alipandisha bomba refu jeusi mpaka juu ya paa. Hiyo ni pua ya gari. Likiingia mtoni, injini inavuta hewa kule juu badala ya kunywa maji. Chini, ndani ya boneti, bomba hilo linaungana na injini kwa mpira, na mpira unabanwa na klipu. Klipu moja, ya kukaza kwa bisibisi.

Jioni hiyo Chuma alitoka kununua mkate na sabuni ya kutolea girisi. Aliporudi, kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshaifunika gereji yote, na getini wamesimama wanaume watatu: mjomba wake, muuza nyama, na dereva wa lori.

"Mkate nusu?" muuza nyama akasema. "Siku hizi unakula kama ndege, fundi."

"Nala peke yangu."

"Oa basi."

"Nikuoe wewe?"

Dereva wa lori akacheka puani. Mjomba hakucheka. Alikuwa anaangalia gari lililokuwa ndani, chini ya bati, limesimama juu ya tairi mpya.

"Liko tayari, mwanangu?"

"Limebaki kidogo."

"Asubuhi tunavuka. Hiyo winchi ina nguvu ya kuangusha nyumba?"

Chuma akahamisha mkate kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Nyumba ya aina gani?"

"Usijifanye hujui. Ya udongo na bati."

"Itaangusha."

"Na akiwemo ndani?" dereva wa lori akauliza.

"Atatoka," mjomba akasema. "Asipotoka, shauri yake. Yeye alimpa mtoto wetu nafasi ya kutoka?"

Wakaaga, wakaenda zao.

Sasa niwaambie walikuwa wanamzungumzia nani. Ng'ambo ya mto aliishi mwanamke mzee, peke yake, anauza kuni. Hana mume, hana mtoto, ana ulimi. Mwanamke wa namna hiyo akipiga chafya, jirani anaumwa. Tulimwita Bibi wa Ng'ambo. Siku mdogo wake Chuma alipoingia mtoni na gari hilohilo, yule bibi alionekana ukingoni anapunga mtandio wake juu, huku na huku. Gari likazima katikati ya maji. Halafu maji yakaja kutoka juu, ya rangi ya chai, yamebeba magogo. Mto uliposhuka wakalivuta gari kwa trekta, na yule kijana wakamkuta ndani, ameelekeza mdomo juu kama mtu anayetafuta kitu kwenye dari.

Watu wakasema bibi aliyaita maji kwa mtandio. Mwenyewe alisema alikuwa anamwonya, kwa sababu kwake juu alishaona mto umebadilika rangi. Nani amsikilize? Mchawi ameshapatikana, ya nini kusumbuka?

Mtu mmoja tu alijua kilichozima injini.

Hawa ndugu wawili walikuwa hawana mama wala baba. Chuma alimlea mdogo wake tangu hajui kujifunga viatu. Akamfundisha kazi, na kazi yao ilikuwa na utaratibu wake. Anayekaza nati huwa chini ya gari au kichwa ndani ya boneti. Mwenzake anauliza, "Umekaza?" Yeye anajibu, "Nimekaza." Basi. Yule mwingine harudii kukagua. Kukagua nati iliyokazwa na nduguyo, kwao, ilikuwa sawasawa na kumtukana. Mafundi wengine waliwacheka kwa hilo, lakini hakuna gari lao lililowahi kurudi na nati imelegea.

Kijana akakua. Akapata mchumba na kazi ya kupeleka wageni porini, kule mbali. Akasema anaondoka. Chuma hakumkataza. Alimtengenezea gari, tena vizuri, springi, keria, kila kitu. Siku ya mwisho akainamia boneti, bisibisi mkononi, na nyuma yake kijana anafunga mizigo huku anaimba.

"Kaka, umekaza?"

Chuma akaiangalia ile klipu. Akailegeza mizunguko michache.

"Nimekaza."

Hakutaka kumuua. Hilo nalisema kwa haki yake, si kwa kumwonea huruma. Mto wakati huo ulikuwa wa kiuno tu. Alitaka injini inywe maji kidogo, izime, kijana arudi kwa miguu ameloa, wacheke, safari iahirishwe. Pengine mchumba achoke kungoja. Hakutaka kubaki peke yake na gereji. Ndiyo hesabu yake ilivyokuwa, na mvua ya milimani haikuwemo.

Basi jioni hiyo, wale wanaume walipoondoka, Chuma aliweka mkate juu ya pipa, akawasha taa ya mafuta, akarudi kwenye gari. Winchi alishaifunga kwenye bampa kwa nati nne nene. Tairi zimekazwa. Keria imekazwa. Ilibaki klipu.

Tangu gari litolewe mtoni hakuwahi kuangalia upande ule wa boneti. Injini aliisafisha yote, lakini pale alipitisha kitambaa huku amegeuza uso.

Akafungua. Akainamia.

Hapo ndipo akili ilipomjia, imechelewa kama mgeni wa usiku. Mto ulikuwa umepanda tena. Akiikaza klipu, gari litavuka, na mwanamke asiye na kosa ataangushiwa nyumba, labda na yeye ndani. Asipoikaza, gari litazima palepale lilipozimia, na mjomba wake na wenzake watakunywa maji aliyokunywa mdogo wake. Na njia ya tatu alikuwa anaijua. Njia ya tatu ilikuwa kufungua mdomo.

Akaamua kukaza. Mtu mwoga huchagua anayekufa mbali na macho yake.

Akanyoosha bisibisi.

Hhhhh...

Akasimama. Nje kimya. Mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata majani, kimya.

Akadhani ni upepo batini. Akainama tena.

Hhhhh... haaa...

Sauti ilitoka juu, kando ya kioo. Kwenye bomba. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwake, betri hata haijaunganishwa, na bomba linavuta hewa na kuitoa. Taratibu. Kama mtu aliyelala kwa ubavu.

Halafu harufu. Matope ya mtoni, majani yaliyooza, na ndani yake, kwa mbali, sabuni. Sabuni ileile aliyokuwa akioga mdogo wake.

Tone la maji likaanguka kutoka kwenye bomba, likampiga mkononi. La baridi.

"Kaka..."

Hakuwa na pa kukimbilia.

"Kaka... umekaza?"

Sasa sikilizeni ujinga wa binadamu. Miaka yote mdomo wake ulishazoea jibu moja. Ukamtoka wenyewe.

"Nimekaza."

Kli.

Kitu kilianguka sakafuni upande wa mbele. Kikabingirika, kikagonga pipa, kikatulia. Chuma akageuza shingo. Ilikuwa nati ya winchi. Ile aliyoikaza mwenyewe mchana, kwa spana ndefu, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Kaka, umekaza?"

Akauziba mdomo kwa kiganja.

Kli.

Ya pili. Na nyuma, kwenye gurudumu, akasikia chuma kinajizungusha juu ya chuma, polepole, kri... kri... kri..., kama kuna mkono wenye subira. Nati ya gurudumu ikadondoka. Nyingine. Keria juu ikalia. Kila alichokaza kwa mikono yake kilikuwa kinalegea, na lile bomba linapumua haraka sasa, linapumua kwa tabu, linagugumia maji, kama mtu ambaye hewa inamwishia karibu na dari.

"Umekaza?"

Winchi ikang'oka upande mmoja, ikaning'inia.

"Sikukaza," Chuma akasema.

Kri... kri...

"Sikukaza, mdogo wangu. Niliilegeza. Nilitaka urudi nyumbani."

Nati zikaacha kuzunguka.

Kile kilichofuata alikieleza baadaye mara moja tu, na aliyemsikia hakutaka arudie. Moto wa taa ulilala. Ulilalia upande wa bomba, bila upepo. Mkate juu ya pipa, karatasi yake ikaanza kupepea kuelekea kule. Bomba lilikuwa linavuta. Likavuta vumbi, likavuta joto la chumba, halafu Chuma akahisi kifua chake kinafunguka kama mlango uliosukumwa kutoka ndani, na pumzi yake ikatoka. Si ya kuhema. Ile ya chini kabisa, ambayo mtu huzaliwa nayo. Ikatoka puani na mdomoni, ndefu, haiishi, na yeye hawezi kuirudisha.

Taa ikazima.

Alfajiri walimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye tairi, nati zimemzunguka kama punje za mahindi alizomwagiwa kuku. Mjomba akaja na kamba, muuza nyama na shoka, dereva wa lori na mikono mitupu kwa sababu moyo wake haukuwamo.

"Nani kafungua gari?" mjomba akauliza.

Chuma akasema kitu. Hakusikika.

"Paza sauti."

Hakuweza. Ilibidi mjomba apige magoti, atege sikio karibu na mdomo wake, kama anayepokea wosia. Akasikiliza. Akauliza, "Unasema?" Akasikiliza tena. Wenzake waliona masikio yake yanabadilika rangi.

"Kasemaje?" muuza nyama akauliza.

Mjomba akainuka kwa kujishika kwenye boneti. Akaangalia ndani, pale kwenye mpira. Klipu ilikuwa imelegea, na ndani ya mpira kuna maji. Gari limekauka juani wiki nyingi, na mpira umejaa maji masafi, ya baridi.

"Rudini nyumbani," akasema. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Na wewe usije kwangu. Nikifa, usije."

Nyumba ya Bibi wa Ng'ambo haikuguswa. Muuza nyama ndiye aliyevuka kwa mtumbwi kwenda kumwomba radhi, amebeba kilo mbili za steki. Bibi akapokea nyama.

"Tusamehe, mama," muuza nyama akasema.

"Nilipunga mpaka bega likateguka," bibi akasema. "Ungeleta na dawa ya bega." Akafunga mlango. Mimi namwelewa sana mwanamke yule.

Na Chuma? Ufundi uliisha. Akizungusha spana mara mbili anaketi chini, midomo ya bluu. Hospitali wakampiga picha ya kifua. Daktari akasema ni moshi wa kuchomelea vyuma wa miaka mingi. Sawa, daktari amesoma, mimi sijasoma. Lakini muuguzi aliyekuwa anamtoa maji kifuani kwa sindano alimuuliza shangazi yangu, aliyekuwa akimpelekea uji, kwa nini maji yale yananuka matope.

Akajaribu kuhama. Alipanda basi aende mji mwingine, aanze upya kwa watu wasiomjua. Basi halijafika hata kwenye mzani wa malori, kifua kikafunga kabisa, wakamshusha anatapatapa kama samaki. Wakamrudisha. Alipoingia getini kwake, pumzi ikarudi. Kidogo, ya kumtosha kukaa. Akajaribu tena mara nyingine, ikawa vilevile.

Basi anakaa. Kitanda cha mdogo wake hakuthubutu kukitoa, kimo mlemle chumbani, nyuma ya gereji. Kila asubuhi godoro la kitanda hicho limelowa chapachapa, hata kiangazi. Analiburuta mpaka uani, analianika, analigeuza. Jioni analirudisha, anapumzika kila hatua, analitandika vizuri na shuka. Alitaka mtu asimwondokee, na huyo hajamwondokea.

Mimi nilimwona kwa macho yangu, nikipita na kapu langu giza likiingia. Alikuwa anataka kufunga mlango. Akaushika, akatulia. Kisha akajibana ukutani, ampishe mtu aingie kwanza.