Shavu la Dahir

Mwaka hamsini na sita, Hulda wa Golbanti, rafiki yake mama, alikwenda mtoni alfajiri kuteka maji. Gizani akasikia panga likikata nyama, chwa, chwa, na mtu akikoroma kama mbuzi aliyechinjwa. Uso wa muuaji hakuuona.

Kule kituo cha polisi Garsen, inspekta alimpiga Hulda makofi hadi sikio likatoka damu. "Alikuwa na kovu shavuni, sivyo? Sema!"

"Haya, alikuwa nalo!"

Eti huo ndio ushahidi wa kumnyonga mtu!

Walipomkamata Dahir mwenye duka, Hulda akapumua. Shavu la Dahir alilijua, laini kabisa.

"Nyamaza, Maryan," akambembeleza mke wa Dahir nje ya kituo. "Mumeo hana kovu. Watamwachilia."

Maryan akamkodolea macho. "Hulda, unasema nini? Kovu lake si unalijua miaka yote?"

Dahir akatolewa mahabusu, amevimba kwa kipigo. Toka sikioni hadi mdomoni alikuwa na kovu la zamani, limekauka, ndevu zimeota pembeni yake tu.