Bamba la Saba

Mume wangu alikuwa amemshika mwanamke wa kizungu kiuno... kwa mikono yote miwili!

Mimi hapo mlangoni. Nyuma yangu Agripina, mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama Wakenya cha Norsborg, hapa Uswidi, na mama mwingine wa chama.

"Nilikuambia au sikukuambia?" Agripina akaninong'oneza.

Alikuwa ameniambia. Wiki tatu mfululizo alimwona Josiah akishuka kituo cha Akalla na kuingia karakana ya huyu Halyna, msanii kutoka Ukraine. Na mimi nyumbani naambiwa, "Wamuyu, naenda darasa la Kiswidi."

Darasa!

"JOSIAH!"

Halyna, aliyekuwa amesimama juu ya stuli, akayumba na kuanguka. Mume wangu akainama kumwinua YEYE. Jamani, nilisikia kichwa kinawaka moto.

"Beba kitu!" Agripina akaamuru.

Mnaojua vyama vyetu vya kule Kenya mnanielewa. Mtu akituudhi hatubishani. Tunabeba sofa, tunabeba TV, akija kuomba msamaha anarudishiwa.

Sasa hapo hakukuwa na sofa. Kulikuwa na mabamba ya chuma yaliyopindwapindwa, hayafanani na kitu chochote. Sita yalikuwa ukutani. La saba lilikuwa sakafuni.

Tukalibeba.

"Nej! Nej!" Halyna akapiga kelele, hapana, hapana.

Mlango wa treni ulifungwa Josiah akiwa bado kwenye ngazi za kituo, anatukimbiza. Kutoka Akalla hadi Norsborg, wamama watatu na chuma mapajani, Waswidi wote wanatazama viatu vyao. Sitawadanganya, nilijiona shujaa!

Agripina akaenda nalo kwake. Nusu saa baadaye Josiah akafika nyumbani, anahema.

"Bamba liko wapi?"

"Mwambie malaya wako aje alifuate!"

"Ni bosi wangu, Wamuyu! Nilimshikilia asianguke, alikuwa anafunga skrubu ya juu!"

"Skrubu ya nini?"

"Ni sanamu ya ukutani. Yeye anabuni, mimi nachomelea. Jumatatu tunaifunga kwenye nyumba ya wazee kule Hässelby. Kazini KWAKO. Nilitaka uikute ukutani. Tukimaliza, ananiajiri rasmi."

Miaka miwili chama kizima tulikuwa tunaomba Josiah apate kazi...

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie? Kiwanda kiliponikataa, nani alitangaza kwenye chama? Kila ninachokuambia, Jumapili Norsborg nzima inakijua."

Nikampigia Agripina.

"Mwenyekiti, lile bamba..."

"Nimeshalitupa kwenye kontena la chuma chakavu. Ulitaka nikae na mkosi ndani?"

Asubuhi tulikuta kontena tupu. Nililia pale pale. Hasira zote nilizokuwa nazo, sikuwa na mtu wa kumtupia ila mimi mwenyewe.

Nilikwenda kumwomba Halyna msamaha kwa Kiswidi changu cha kuvunjika. Hakuita polisi. Alisema tu kwamba kila bamba lilitokana na lililotangulia, kwa hiyo hawezi kulirudia. Na Josiah asirudi tena.

Sanamu ilifungwa hivyo hivyo. Mabamba sita, na pengo.

Kila siku napita mbele yake nikisukuma kiti cha mzee mmoja. Yeye husahau, basi kila siku ananiuliza upya:

"Hapo palikuwa na nini?"

"Kazi ya mume wangu," namjibu.

Dada zangu, muulize mumeo kabla hujakiuliza chama. Na mambo ya nyumba yabaki nyumbani, mnanisikia?

Hapa ninapoandika, Josiah amepita nyuma yangu.

"Unaandika nini?"

"Hamna kitu."

Nyie... mtakaomwona kanisani Jumapili, nawaomba mnyamaze!